Kofia za Ndũkũ

Msinicheke. Mimi Mwikali nimestaafu, na bado sijafika miaka arobaini, na magoti yangu yote mawili yanafanya kazi. Mkiniona mjini siku ya mvua nikiruka mitaro na viatu mkononi, mtasema, huyu naye amestaafu nini? Nimestaafu kupanga kurasa. Hiyo kazi niliifanya miaka kumi na minne, katika duka moja la uchapishaji hapa Machakos, orofa ya kwanza, juu ya muuza mbegu, mpaka mwenye duka akauza mashine zake akaenda kulima. Sasa nataka kutengeneza vitabu vya picha vya watoto, kwa Kikamba, vyenye ng'ombe wa rangi ya samawati. Mama yangu anasema hakuna ng'ombe wa samawati. Namwambia, mama, ndiyo maana nataka kuwachora.

Mkufunzi wenu wa kompyuta nilisoma naye darasa moja hapo chuo cha ufundi, na alikuwa akinakili majibu yangu, mwambieni nimesema. Ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza. "Waandikie mambo ya linki," akasema. "Hawa wanadhani picha ikionekana kwa ukurasa, basi iko ndani ya ukurasa."

Nilicheka, kwa sababu hata mimi nilidhani hivyo hivyo.

Aliyenitoa ujinga huo ni Bwana Musembi. Alikuwa mtu wa zamani, wa kukata maandishi kwa wembe na kuyabandika kwa gundi, na hata kompyuta zilipokuja aliendelea kuweka wembe kwa mfuko wa shati, eti mtu hajui siku. Wiki yangu ya kwanza alinipa kikaratasi kimeandikwa: Mama Ndanu, nyuma ya soko, kibanda cha tatu, mandazi sita. Nikashuka ngazi mbio. Kibanda cha tatu nikamkuta fundi wa viatu. Nikarudi mikono mitupu.

"Mandazi yako wapi?"

"Mama Ndanu hayuko, Bwana Musembi."

"Amekufa?"

"Sijui. Hapana. Sidhani."

"Mandazi yameisha dunia?"

"Hapana."

"Mama Ndanu alihamia upande wa pili wa soko jana. Yuko sawa, mandazi yako sawa, hata mafuta saa hii yanachemka. Kilichokufa ni hiki kikaratasi." Akakinyang'anya mkononi mwangu, akakipeperusha mbele ya pua yangu. "Sasa wewe ndiwe ukurasa. Ukurasa haubebi picha. Unabeba kikaratasi cha kusema picha inakaa wapi. Mtu akihamisha picha, au akiibadilisha jina, ukurasa unarudi mikono mitupu hivyo ulivyorudi. Hiyo ndiyo linki. Haya, nenda upande wa pili, kibanda cha bluu. Njaa haina linki."

Mtaniuliza, kwa nini basi tusiweke picha ndani ya ukurasa tumalize? Nilimwuliza pia. Akanionyesha kitabu cha nyimbo cha kanisa moja, kurasa nyingi, na picha ya kanisa imetokea karibu kila sehemu. Kama ingewekwa ndani kila mahali, faili ingekuwa nzito kama gunia la mchanga, na kompyuta ingepanda nayo ikihema. Halafu kanisa likapakwa rangi upya, wazee wakataka picha mpya. Bwana Musembi alibadilisha picha moja tu, ile iliyo kwa folda, na kurasa zote zikaamka zimevaa rangi mpya. Siku hiyo niliona kama miujiza. Hata leo naona hivyo, msimwambie mtu.

Lakini miujiza hiyo ina masharti, hasa mahali penye kompyuta zisizosema lugha moja. Kwetu zilikuwa za makabila matatu. Kulikuwa na ile nyeupe yenye picha ya tunda mgongoni, ambayo mwenye duka aliinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao ng'ambo. Tuliita Tufaha. Hapo ndipo Bwana Musembi alipanga kurasa. Kulikuwa na nyeusi ya kawaida, ile ya madirisha manne, iliyounganishwa na printa. Tuliita Madirisha. Na chini ya kaunta, haina skrini, haina kibodi, imefunikwa leso kwa sababu ya vumbi, kulikuwa na ile iliyotunza faili za wote. Hiyo tuliita Karani. Waya zilitambaa ukutani kutoka kwa hizo mbili mpaka kwake, na kazi zote zilipitia kwake.

Tufaha ikitaja njia ya kufikia faili, inaweka mkwaju, kile kistari, ulioegemea mbele. Madirisha inaweka ulioegemea nyuma. Madirisha inataka kwanza herufi ya mlango, kama C ama D, na Tufaha haijui mlango huo uko wapi. Kwa Madirisha, Kanisa kwa K kubwa na kanisa kwa k ndogo ni mtu mmoja. Kwa Karani hao ni watu wawili, hawajuani, hawana hata undugu wa mbali. Kwa hivyo unaweza kupanga kazi yako vizuri asubuhi, ukavuka hatua saba mpaka mashine nyingine, ukaikuta imejaa alama za kuuliza.

Bwana Musembi alikuwa ameandika sheria kwa kipande cha kadibodi juu ya kaunta: herufi ndogo peke yake, bila nafasi, bila vikorombwezo. Ukurasa na picha zake walale folda moja, na wakihama wahame pamoja, kama ng'ombe na ndama. Mimi nilihama na ng'ombe bila ndama mara moja tu. Ilikuwa kalenda ya mtu mwenye machimbo ya mawe huko Lukenya, na ilibidi ichapwe kwa mashine kubwa ya Mlolongo. Nikatia ukurasa kwa flashi, nikaenda nikiimba. Picha si niliiona kwa skrini? Kumbe niliyoiona ilikuwa kivuli tu, kile kidogo ambacho programu inajiwekea cha kutazamia, na picha yenyewe imebaki kwa Karani. Wakachapa kivuli. Mwenye machimbo akaishika kalenda mbali, akaileta karibu, akaniuliza kwa upole, "Msichana, hili ni lori langu ama ni kichuguu?"

Sasa tusikilizane. Programu nyingi za kupanga kurasa zina amri ya kukusanya ukurasa na kila kitu chake kwa folda moja. Itumie. Halafu fungua hiyo folda uhesabu kwa kidole chako mwenyewe. Usiiamini mpaka uhesabu.

Hayo yote ni makosa ya kila mtu, hata huko mbali yanafanyika. Lililonifanya nikubali kuandika barua hii ni moja ambalo nadhani lingeweza kufanyika kwetu Ukambani tu, ama kwa jirani zetu walio na herufi kama zetu. Mnajua wenyewe tuna u na tuna ũ, tuna i na tuna ĩ. Siku hizi wengi tunaandika bila vile vimawimbi vya juu, na tunaelewana. Mzee mmoja aliviita kofia, na tangu siku hiyo mimi pia naviita kofia.

Aliitwa Mwalimu Nzioka. Alifundisha darasa la kwanza huko Muthetheni mpaka akastaafu, ustaafu wa kweli si huu wangu. Alikuja dukani siku ya Jumatano. Mimi nilikuwa Mwala kumwona dada yangu aliyejifungua, kwa hivyo ya siku hiyo nilisimuliwa na Bwana Musembi.

Mke wa Mwalimu alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Alitaka kijitabu cha mazishi, kile cha ratiba na maisha ya marehemu. Alileta picha moja ya jalada, imefungwa kwa kitambaa cha mkono. Mke wake amesimama katikati ya mbaazi, anacheka mdomo wazi. Katika picha nyingine zote za maisha yake alifunika mdomo kwa mkono, kwa sababu ya jino lililotoka. Hii moja alipigwa kabla mkono haujafika.

"Anaitwa Ndũkũ," Mwalimu alisema. "Weka kofia mbili. Kwa kitambulisho walimwandika Nduku. Kwa kadi ya kliniki, Nduku. Kwa cheti cha ubatizo ni Ndukuu, sijui nani alisinzia kwa kalamu. Tukiwa vijana nilimwambia, ngoja, siku moja nitakuandikisha vizuri, watu wote wasome. Alikuwa ananicheka. 'Mwalimu, hiyo siku yako iko wapi?' Sasa iko Jumamosi."

Bwana Musembi alipitisha picha kwa skana ya Tufaha, na alipofika mahali pa kuipa faili jina, Mwalimu alikuwa ameketi kando yake anatazama skrini. "Hata hapo, Bwana Musembi. Hata hapo weka." Na Bwana Musembi, mwenye kadibodi yake, mwenye sheria yake, alimtazama huyo mzee, akaweka kofia. Faili ikaitwa Ndũkũ, yenye herufi kubwa na kofia zote mbili. Ndiyo siku pekee niliyowahi kusikia amevunja sheria yake, na aliivunja kwa huruma. Kisha akaitupa kwa ile folda ya zamani iliyoitwa Picha, ambamo kila mtu alitupa kila kitu.

Ijumaa asubuhi nilirudi kazini. Bwana Musembi alikuwa ameenda Mlolongo kuchukua karatasi, ameniachia ujumbe kwa kaunta: kijitabu cha Mwalimu Nzioka kiko tayari, chapa nakala mia mbili, mwenyewe anakuja saa sita.

Nikakifungua kwa Madirisha, kwa sababu ndiyo ilikuwa na printa. Ikaniambia picha moja ya jalada haipatikani. Sikushtuka, hayo nilikuwa nimeyazoea. Nikafungua folda ya Picha kutafuta. Nikaona majina mawili yaliyofuatana. Moja ni Nduku, safi. La pili ni Ndu, kisha kijisanduku kitupu, ku, kisha kijisanduku kingine. Nikajiambia, hii imeharibika, ni virusi vya flashi za watu. Nikachagua ile safi. Madirisha ilikuwa imezeeka, tukaizuia isionyeshe picha ndani ya kurasa ili isichoke, inaonyesha masanduku ya kijivu tu. Lakini onyo lilitoweka, na mimi nikajipigapiga bega. Mwikali, umekomaa.

Majalada yakaanza kutoka. Nikaligeuza moja. Mama amevaa kitambaa cha manjano, mashavu yamejaa, anatabasamu. Mimi sikuwahi kumwona marehemu. Nikamwambia, kweli kabisa nilimwambia, "Pole mama. Umepumzika ukiwa mrembo." Nikakunja, nikapiga pini, nikapanga kwa katoni.

Mwalimu alifika saa sita kamili, koti jeusi, kofia ya kweli mkononi.

"Wakya, mwaitu," akanisalimu. Mnajua wazee wetu wanavyomwita hata msichana mama.

"Aa, Mwalimu," nikaitikia. "Pole sana. Karibu ukae."

Nikampa nakala ya kwanza. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akasoma jina kwanza, kwa sauti, kidole chini ya kila herufi, hivyo alivyofundisha darasa la kwanza. "Ndũkũ. Kofia mbili. Vizuri." Kisha kidole kikapanda kwa picha. Kikasimama hapo.

"Mwaitu, huyu ni nani?"

"Ni... ni mama, Mwalimu."

"Mama wa nani?"

"Si ni mke wako?"

"Mke wangu nimeishi naye miaka mingi," akasema. "Huyu mama ni mzuri, sina neno naye. Lakini hatujawahi kukutana."

Nilikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo. Angenipigia kelele ingekuwa afadhali, ningelia nikamaliza. Yeye aliweka kijitabu juu ya kaunta, akakifunika kwa mkono, kama mtu anayefunika chakula kisiingie vumbi.

"Gari la ndugu yangu linaondoka saa kumi," akasema. "Kesho saa nne tunamzika. Huyo wangu yuko wapi?"

Wakati huo huo tulisikia ngazi zinalia, na Bwana Musembi akaingia na boksi la karatasi begani. Akaona katoni. Akainua kijitabu kimoja, na boksi likateleza likaanguka.

"Nani amemuua Nduku wa kuku?"

"Nani?"

"Huyu ni Nduku! Mteja wetu wa chama cha kuku! Jana nimemwona hapo chini anagombana na muuza mbegu! Mwikali, huyu mama akiona hii atakufa kweli!"

Mwalimu akatoa sauti kwa pua. Nilidhani ni kilio. Kilikuwa kicheko, kimemtoroka, na upesi akaufunika mdomo kwa mkono.

Nikamwonyesha Bwana Musembi folda, yale majina mawili. Alilitazama lile lenye visanduku kwa muda mrefu, kisha akalibonyeza mara mbili. Picha ikajaa skrini: mbaazi, jua, na mama anayecheka mdomo wazi. Mwalimu akavuta kiti chake karibu na skrini.

"Kosa ni langu," Bwana Musembi akasema.

"Hapana, mimi ndiye nilichagua—"

"Nyamaza kwanza, utachagua zamu yako. Mwalimu, njoo uone." Akaweka alama mwishoni mwa lile jina, akabonyeza kitufe cha kufuta mara moja. Kisanduku cha mwisho kikatoweka, na u ikabaki. "Umeona? Tufaha ilipoandika jina la mama, iliandika u, halafu ikamvisha kofia. Vitu viwili. Lakini ukurasa wangu ulikuwa umeshika ũ moja, iliyo nzima na kofia yake. Jicho linaona jina moja. Mashine hazioni, zinahesabu. Hili lina herufi tano, hili lina saba. Karani wetu, hiyo inayotunza faili hapo chini ya leso, ikasema si mtu mmoja."

Mwalimu alihesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Tano. Saba.

"Kwa hivyo mmoja amevaa kofia, na mwingine amezaliwa nayo."

"Ndivyo hasa."

"Na huyo Karani wenu hakubali ni mtu yule yule."

"Hakubali, Mwalimu."

"Basi ni kama makarani wote niliowajua."

Niwape dawa hapa kabla sijasahau. Mkikutana na faili mbili zinazofanana kwa macho na mashine inakana mojawapo, msibishane na macho. Nendeni mwisho wa jina mfute polepole, kitufe kwa kitufe. Kofia ikitoka peke yake na herufi ikabaki, mmempata mwizi. Na jina likija na visanduku, msiseme limeharibika. Fungueni. Mwangalie ni nani yuko ndani.

Tulianza kazi. Bwana Musembi aliunga picha ya kweli kwa mkono, pale pale kwa Madirisha, akachapa jalada moja, Mwalimu akalikagua, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiye. Kurasa za ndani zilikuwa sawa, kwa hivyo ilibaki kutoa pini, kubadilisha jalada na kupiga pini tena. Mwalimu alivua koti, akakataa kukaa bure. Alitoa pini kwa ukucha wa kidole gumba, moja moja, na kila pini aliiweka ndani ya kofia yake ili isimchome mtu.

Bwana Musembi alipokusanya yale majalada mabaya akataka kuyapasua, Mwalimu alimzuia. "Usimpasue mtu aliye hai." Basi tukayapitisha kwa mashine ya kukata, sura upande huu, jina upande ule. Zile sura zilimfikia Nduku wa kuku, na hakuambiwa zilikotoka. Nasikia Krismasi aliwagawia wajukuu. Vile vipande vya majina Mwalimu alivitia kwa mfuko wa koti. Hakusema ni vya nini, nasi hatukuuliza.

Saa tisa na nusu katoni ilikuwa imejaa na kufungwa kamba. Nikashusha pumzi. Lakini Mwalimu hakuondoka. Alisimama na katoni kwapani, anaitazama ile leso iliyofunika Karani.

"Na mwakani?" akauliza. "Nikirudi kwa sababu ya kibao cha kaburi, mtampata?"

Bwana Musembi angeweza kusema ndiyo, na mzee angeenda zake. Alikuna kichwa. "Tukimwacha hivi, Mwalimu, nitakudanganya. Kila akivuka kutoka mashine hii kwenda ile, anaweza kupotea tena. Lazima tubadilishe jina la faili. Tutoe kofia."

"Mtamtoa kofia."

"Si kwa ukurasa! Kwa ukurasa anabaki nazo zote mbili. Ni hili jina la ndani tu, la mashine."

"Ndivyo walivyosema kwa ofisi ya vitambulisho. Ni ya mashine tu, mzee."

Bwana Musembi akaangalia kadibodi yake, kisha akaangalia chini. "Basi tumpe namba."

"Namba? Kwani amefungwa?"

Wakabaki hivyo, wazee wawili wazuri, kila mmoja ana haki yake. Mimi nilikuwa na aibu yangu tangu saa sita na sikutaka kufungua mdomo, lakini ukajifungua.

"Mwalimu, hakuna vile ulikuwa unamwita nyumbani? Neno ambalo halina kofia?"

Alifikiri. Niliona midomo yake ikijaribu moja, ikaliacha, ikajaribu lingine. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama hataki muuza mbegu asikie, "Wakwa."

Wangu. Nikalikagua kichwani: w, a, k, w, a. Hakuna kofia hata moja.

"Lakini Mwalimu," Bwana Musembi akasema polepole, "kila mtu ana wakwa wake. Jina la faili lisiwe ambalo mtu yeyote anaweza kulisema. Kesho atakuja mwingine na huzuni yake, naye atasema hivyo hivyo."

"Mwambie limechukuliwa."

Bwana Musembi akagusa wembe kwa mfuko wa shati, sijui kwa nini. "Andika, Mwikali," akasema.

Nikaandika, herufi tano ndogo. Nikaunga ukurasa upya. Tukamtengenezea folda yake mwenyewe, ukurasa na picha pamoja, tukamkabidhi Karani. Kisha nikavuka zile hatua saba mpaka kwa Tufaha, na Mwalimu nyuma yangu na katoni kwapani, akakataa kuiweka chini. Nikafungua. Kwa sekunde moja palikuwa kijivu, kisha mbaazi zikatokea, kisha yeye.

"Amefika?" akauliza. Miwani ilikuwa imeingia ukungu, haoni vizuri.

"Amefika, Mwalimu."

"Na kule?"

Nikarudi kwa Madirisha. Nikaitoa kwanza ile amri ya masanduku ya kijivu, hata kama mashine itachoka, ichoke. Nikafungua.

"Na kule pia," nikamwambia. "Amefika."